Sajini na Kiboko Yao

“Sajini, unacheza kama kuku aliyemwagiwa maji.”

Maneno hayo yalimngoja Olal kwenye kioo cha simu hata kabla hajanywa chai. Chini yake, ubao wa dama ulionyesha balaa lenyewe: kete zake tatu zimeliwa kwa mruko mmoja. Hiyo ilikuwa mechi ya nne. Tatu za kwanza alikwisha kuchapwa, na aliyemchapa hakuwa na sura wala jina, ila lile alilojibandika mwenyewe: Kiboko Yao.

Olal alikuwa na miezi minane tangu astaafu upolisi. Katika kambi zote alizopitia, hakuna askari aliyewahi kumfunga dama mara mbili mfululizo. Sasa mtu asiyemjua anamfanya mtoto.

Mkewe, Faridah, alipita na sufuria. “Umepigwa tena?”

“Niache, Mama Lamwaka. Nafikiri.”

Faridah akaguna. Siku zote alisema dama ni mchezo wa watu wasio na kazi, na tangu mumewe astaafu alikuwa na ushahidi.

Olal hakuwa na muda mrefu wa kufikiri, maana simu ilikuwa moja. Ya Faridah ilitumbukia kwenye mchuzi wa samaki, ikatolewa imeiva. Binti yao, Lamwaka, akaigawa iliyobaki pande mbili, kila mzazi na programu zake na namba yake ya siri, “ili msije mkauana.” Olal aliishika hadi alasiri, baada ya hapo ilikuwa ya Faridah, na Kurani yake, na dada zake wanne wasiojua kufupisha habari. Basi Olal alisogeza kete moja kwa siku, na jibu alilikuta asubuhi.

Siku hiyo lilikuja na nyongeza. “Punguza chumvi, Sajini. Presha imeshapanda mpaka kwenye kete.”

Olal aliweka kikombe chini. Nani anajua habari za presha yake?

Miaka thelathini alikuwa amehoji wezi, na swali hili halikumtoa jasho. Mtu huyu anacheza usiku, nani hukesha? Mtu huyu anajua presha. Nani alimpeleka kliniki? Otema! Rafiki yake tangu chuo cha polisi, ambaye sasa alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja na hakuwa na la kufanya hadi kuche ila kuchezea simu.

Alimkuta Otema kwenye benchi la fundi wa kuchomelea, anakula muhogo.

“Wewe ndiye Kiboko Yao!”

Otema alimtazama, akatazama muhogo, akacheka mpaka akapaliwa. “Afande, mimi? Mimi hata wewe mwenyewe hujanifunga, maana sijui kucheza.”

“Mwizi naye husema hajui kuiba.”

“Olal, acha mambo haya. Watu wanasikia.”

“Wasikie! Na Jumamosi usikanyage kwangu!”

Hapo benchi zima likageuka kumtazama. Jumamosi ilikuwa siku ya wakwe watarajiwa wa Lamwaka kuja kujitambulisha, na Otema ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji wa familia. Alikuwa na ulimi wa asali. Angeweza kumsifia bi harusi mpaka wakwe wakaongeza mbuzi bila kuombwa. Alifuta mikono kwenye suruali, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani, Olal alitoa taarifa kama aliyetoka kwenye operesheni. Faridah alisimama na mwiko mkononi.

“Umemfukuza Otema? Baba Lamwaka, una wazimu? Nani atasema Jumamosi?”

“Mimi.”

“Wewe ukisimama mbele ya wageni unawaamuru wapige magoti!”

“Mtu amenitukana miezi minne.”

“Na kama si yeye?” Faridah alisema polepole. “Nenda kamwombe radhi. Leo.”

“Kwanza nimfunge.”

Faridah alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kumtikisika. Olal alimhurumia. Hakujua kwamba mkewe alimpenda Otema kiasi cha kumlilia.

Alhamisi asubuhi, muujiza. Kiboko Yao alikuwa amefungua njia. Kete mbili zimeachwa wazi, na nyuma yake kingi, kete yenye taji, amebanwa pembeni hana pa kukimbilia. Olal aliinua kidole. Akagusa.

Simu ikaganda.

Aligusa tena. Akapuliza. Akaitukana kwa Kiacholi, kisha kwa Kiswahili cha kambini. Haikusogea. Akaruka kwenye bodaboda hadi mtaa wa maduka wa Kikuubo, kwenye meza ya Babra, fundi wa simu.

“Banange! Jamani mzee, umetoka kwenye moto?” Babra aliipokea, akabonyeza ubavuni mpaka ikazinduka. “Haina ugonjwa. Imechoka tu. Mnafungua vitu, mnatoka, mnadhani vimefungwa; kumbe viko nyuma vinakula memori.”

“Funga vyote. Ila dama usiiguse! Leo nakula kingi cha mtu.”

Babra alitelezesha kidole. Redio ikaruka ikapotea. Video za ng’ombe zikapotea. “Na upande wa mama umejaa vilevile. Namba yake ninayo, yeye ndiye huniletea hii simu.” Akaingiza tarakimu nne, akaanza kufagia. Mara kidole kikasimama hewani.

“Nisiguse dama ipi, mzee?” aliuliza. “Ziko mbili, na ubao ni huohuo. Upande wako umejiita Sajini. Upande wa mama umejiita Kiboko Yao.”