Ukuta Uliopakwa Chokaa

Bi Mashavu alikuwa akisuuza brashi ya chokaa Tunu, mtafiti wa maabara, alipopiga hodi. Chumba alimofia mumewe, Shomari, kwa saratani kilikuwa cheupe pe, tayari kwa arobaini yake kesho.

"Shikamoo, mama. Ule ukungu mwekundu niliokwangua hapa ukutani, bado upo?"

"Marahaba. Nimeusugua, nikaupaka chokaa. Watu wanakuja kusoma dua, wauone uchafu ule?"

Tunu akakaa kitandani bila kukaribishwa. Akaeleza kwamba kule maabara waliikamua rangi ya ukungu ule, wakazidondoshea seli za saratani kwenye kisahani, zikafa. Lakini ukungu wenyewe, kila walipouotesha upya, ulizidi kupauka. Sasa umekuwa mweupe, na hauui kitu.

Bi Mashavu akaugeukia ukuta. Miezi yote ile Shomari alilala ameuelekea, pua ikikaribia kuugusa, naye mkewe kila asubuhi akiusugua kwa sabuni na kufungua dirisha ili pakauke.

"Ukungu ule ungemponya?"

"Sijui, mama. Kisahani si mtu."

"Basi niambie usingemponya."

Tunu akainuka, akaaga.

Alipoondoka, Bi Mashavu aliijaza ndoo, akaumwagia ukuta maji mpaka chokaa ikachuruzika sakafuni. Akaijaza tena, akamwaga tena. Kisha akafunga dirisha, akapanda kitandani na kulala upande wa Shomari, uso ukutani, akisubiri.