Fumbo la Jumamosi

Sikio aliinua kidole kimoja, na watu kumi na wanne wakanyamaza.

Kaseti ilikuwa imeanza kuzunguka nyuma ya pazia. Ndivyo Chama cha Wapenzi wa Jazi kilivyocheza fumbo lake kila Jumamosi alasiri, katika chumba cha juu ya duka la viatu. Mtu mmoja huleta muziki na kuficha jina, wenzake husikiliza na kukisia nani anapiga. Mwishoni aliyeleta huweka mezani jalada lenye jina, na hapo ndipo watu huumbuka na kutaniana wiki nzima. Mwenyekiti peke yake hakuwahi kuumbuka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, lakini kwa miaka thelathini walimwita Sikio, hata wajukuu zake.

Leo fumbo lilikuwa la shemeji yake, mjane wa mdogo wake. Hakuwa mwanachama. Alipanda ngazi polepole, mkoba ameukumbatia kifuani, akaomba apewe zamu.

Sikio alidhani anajua kilichomleta. Tangu mazishi, miezi miwili sasa, mama huyu alikuwa anamwomba jambo moja tu: marehemu aandikwe kwenye gazeti la chama, katika ukurasa wa wapigaji waliotutoka. Mistari mitatu ingemtosha, watoto wapate cha kusoma. Bila shaka ameazima muziki kwa mtu ili aje awalainishe wanachama.

"Shemeji, ukurasa ule ni wa wapigaji," alikuwa amemwambia wiki iliyopita kwenye duka lake la saa, kioo cha kukuzia kikiwa bado kimebanwa jichoni. "Mdogo wangu alikuwa karani wa vifurushi. Tena karani hodari."

Hodari kweli. Marehemu hakufunga kitu bila kusaini juu ya gundi, nusu ya sahihi kwenye kifuniko na nusu kwenye bahasha, ili mkono wa mtu ukikifungua ijulikane. Hata zawadi za harusi alizisaini hivyo. Walimcheka tangu ujana wake mpaka mvi zikamtoka.

"Lakini alipiga tarumbeta," mjane alisema.

"Alipiga, akiwa kijana. Akarekodi na wenzake kaseti moja, akaniletea niamue: aache ukarani aingie bendi, au auze tarumbeta. Nilisikiliza yote, mara mbili. Sasa shemeji, ningemdanganya ndugu yangu wa tumbo moja? Nikamwambia auze."

Maneno hayo Sikio alikuwa ameyasema miaka nenda miaka rudi, nyumbani, chamani, hata pale makaburini, na kila aliyeyasikia alimheshimu zaidi. Kumwambia ndugu yako ukweli wa namna ile si mchezo. Tarumbeta iliuzwa wiki ileile. Tangu siku hiyo marehemu akirudi kazini alikuwa akizima redio kila muziki unapoanza, na mkewe alijifunza kupika kimyakimya.

Nyuma ya pazia tarumbeta ilianza kulia.

Ilianzia chini, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Ikapanda. Ikanyamaza mahali ambapo mpigaji mwingine yeyote angeendelea, ikawaachia wenzake njia, kisha ikarudi na sauti ileile ya mwanzo, ila sasa ilikuwa na majonzi yasiyosemeka. Mwalimu mstaafu, ambaye hubishana hata na kalenda, alikuwa amefumba macho. Nyumbani Sikio alikuwa na santuri zaidi ya elfu mbili, na huyu hakuwa naye. Alimkumbuka mdogo wake, akaumia, akaamua moyoni kwamba hiyo mistari mitatu ataiandika, potelea mbali.

Kaseti ilipokwisha, hakuna aliyepiga makofi.

"Huyu ni wa ng'ambo," muuza dawa alisema kwa sauti ya chini.

"Hilo halina ubishi," Mwalimu akasema. "Mwenyekiti, tutajie."

Sikio alifuta macho mbele ya wote, bila kuona haya. "Simjui," alisema, na watu wakageuka kumtazama, maana neno hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake. "Ila niwaambie kitu. Huyu ningemsikia mara moja tu maishani, nisingemsahau mpaka naingia kaburini. Haya shemeji, tumeshindwa. Ni nani?"

Mjane alifungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki iliyochujuka, akailaza mezani palipowekwa majalada siku zote. Juu yake palikuwa na mwandiko ambao kila mwanachama aliujua, kwa kuwa ndio uliojaza ubao wa matangazo pale mlangoni kila mwezi.

Mwalimu aliinama akasoma kwa sauti: "Mdogo wangu, nimesikiliza yote, mara mbili. Uza."

"Siku ulipomrudishia aliiweka chini ya nguo zake," mjane alisema taratibu. "Hakutaka kuisikia tena, wala mimi sikuwahi kuigusa. Leo asubuhi ndio nimeichana kwa kisu, hapa chini, nipate kuitoa kaseti."

Kisha akaigeuza. Upande wa juu gundi ilikuwa bado imeshika, na juu ya gundi sahihi ya karani wa vifurushi, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye bahasha, nzima kama siku alipoifunga kumpelekea kaka yake.