Mstari wa Chini

Slaidi ya saba ilipotokea ukutani, Mkurugenzi wa Maji, aliyekuwa akiwasomea wajumbe wa bodi ripoti yake, aliigeukia. Kwa herufi kubwa iliandikwa: "Kisima cha Soko ni salama." Chini yake palikuwa na mstari mdogo: "Jibu la maabara: si salama. Maneno yamebadilishwa na Mkurugenzi, jana saa kumi jioni."

Wajumbe walisogeza viti mbele ili wausome.

"Tunu, mstari huu umetoka wapi?" Mkurugenzi alimuuliza binti aliyeandika programu ya kutengeneza slaidi za ofisi.

"Programu yenyewe inachukua majibu kutoka maabara, bosi. Mtu akiyagusa, inamtaja."

"Nani kakutuma? Huyu?" Alimnyooshea kidole katibu, kisha mwenyekiti. "Mnanichimbia shimo!"

"Sikutumwa. Nilikueleza mwezi uliopita, ukasema sawa sawa huku unachezea simu."

"Waombe radhi wajumbe. Sema mashine imekosea."

Mezani lilikuwepo jagi la maji ya kisima hicho, alilolileta Mkurugenzi mwenyewe. Mjumbe mmoja aliitazama glasi yake iliyobaki nusu, kisha akaitazama ya Mkurugenzi, iliyokuwa bado kavu.

"Siombi," alisema Tunu.