Majani Yaliyolala

Jovina alichuma majani harakaharaka, akayamwaga kwenye beseni la maji mbele ya Mama Eulalia, mtunza majani wa nyumba ya ibada. Mwana wa Jovina alikuwa amelala mkekani, homa haijashuka tangu juzi.

Mama Eulalia akanusa jani moja. "Uliyaomba ruhusa kabla ya kuyachuma?"

"Mama, niombe majani ruhusa, na mtoto anaungua?"

"Basi umeniletea mchicha wa mboga tu," mzee akasema bila ukali. "Lakini hayajaharibika. Yamelala tu; wimbo utayaamsha."

Akaanza kuyafikicha majini polepole, akiliimbia kila jani wimbo wake, kwa lugha ambayo wahenga wake walivuka nayo bahari wakiwa minyororoni. Alipofika kwenye jani la mwisho akalisogeza kwa Jovina.

"Wimbo wa hili alikuwa nao bibi yako. Uimbe wewe."

"Maana yake siijui, Mama."

"Jani linaijua."

Jovina akatumbukiza mikono. Aliimba kwa kusitasita, kisha sauti ikanyooka. Maji yakawa ya kijani, na harufu kali ikajaa chumbani.

Mkekani, mtoto akageuza uso kuifuata sauti.