Barua ya Kuitetea Nyumba ya Zuwena

Siku hizo tamthilia za runinga hazikuigizwa tena. Kamera zilifungwa kwenye nyumba za watu. Tamthilia ya Zuwena na mumewe Hemedi ilipofutwa, barua za mashabiki zilimiminika kuitetea, naye Zuwena akazisoma sebuleni kwa furaha. Moja ikamshtua: “Msitunyime Zuwena. Nani atamliwaza akijifungia chooni kulia?”

Chooni hapakuwahi kuwa na kamera.

“Baba Rukia, hii umeandika wewe?”

“Mimi? Naanzaje, mke wangu!”

Hemedi alijibu kwa sauti ya juu, huku akigeuka taratibu kuielekea kamera ya sebuleni, ambayo mafundi walisema wameizima tangu Jumatatu. Na Zuwena, bila kutaka, akajikuta anauweka sawa mtandio wake.