Mzee Spana Amejibu

"Mke wangu, Mzee Spana amejibu!" Dereva aliingia jikoni mbio, simu mkononi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa njiani kuja kulichukua lori lao kuukuu, lililogoma kuwaka tangu dereva abadilishe chujio la dizeli.

Akasoma kwa sauti: "Ni hewa tu hiyo, ndugu yangu. Legeza skrubu iliyo juu ya chujio, piga pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila povu, halafu kaza."

"Basi fanya anavyosema," alisema mkewe, akimenya viazi.

"Kwenye kundi letu zima la mtandaoni la malori ya zamani, huyu mzee ndiye kiboko yao!"

Akatoka. Mke akaweka kisu chini, akatega sikio. Lori likakohoa, likakohoa tena, kisha likanguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Alitabasamu peke yake. Sauti hiyo ilimrudisha kwenye gereji ya baba yake, alikokulia.

Mume alirudi akicheka, grisi mpaka kwenye nyusi, akiandika shukrani kwa kidole gumba. Akatuma.

Papo hapo simu ikalia mfukoni mwa aproni ya mkewe.

Mume akautazama mfuko, akamtazama mkewe usoni. "Mzee Spana?" aliuliza.

"Usilizime kwanza," mke alisema, akivua aproni. "Nataka kulisikia kwa karibu."