Kikapu Hakikushuka

Bibi alikuwa ameanguka bafuni, shavu likiwa sakafuni na mguu mmoja umekunjika vibaya, aliposikia kengele ya baiskeli ya muuza maziwa.

Kila asubuhi kengele hiyo ikilia, yeye huteremsha kikapu kwa kamba kutoka ghorofani. Mvua inyeshe, homa imshike, kikapu hushuka. Mwanawe humcheka: "Mama, maziwa ya pakiti yamejaa madukani. Unajisumbulia nini?"

Alijaribu kuita. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga.

Kengele ikalia tena. "Bibi! Maziwa!"

"Nisubiri, baba," alinong'ona. "Kidogo tu." Vidole vilikwaruza vigae, vikateleza kwenye povu la sabuni.

Kupitia kidirisha cha bafu ilipanda sauti ya jirani wa chini: "Bibi amelala leo! Nenda zako, wateja wanakungoja."

"Bibi huyu? Alale?"

"Si amezeeka, bwana! Nenda!"

Kisha Bibi akasikia mnyororo wa baiskeli ukianza kuzunguka, tiki, tiki, tiki, ukielekea barabarani. Akafumba macho. Haya, anaondoka. Na nani wa kumlaumu? Jua likishapanda, maziwa huganda.

Mnyororo ukanyamaza.

Baiskeli ile, ambayo siku zote huegemezwa ukutani taratibu kama mtoto anayelazwa, ikaanguka kwa kishindo, na madumu yakabingirika barabarani yakigongana.

Halafu zikaja mbio za miguu, zikipanda ngazi mbilimbili.